Ngozi ya Ncha

Saa tisa alasiri, vyombo vikiwa vimeshaoshwa, mke wa Bingwa alitandaza gazeti juu ya meza ya jikoni, akailaza fimbo ya mumewe ya kuchezea pulu, akaanza kuing'oa ngozi ya ncha iliyochakaa. Aliikata kwa wembe pole pole, akiizungusha fimbo badala ya wembe, maana wembe ukiteleza hula kidole kwanza. Akakwangua mabaki ya gundi mpaka mdomo wa pete nyeupe ya plastiki iliyoshika ncha ya fimbo ukawa sawa, kisha akaunyanyua kwenye mwanga wa dirisha kuukagua. Dirisha lenyewe lilitazama mgongo wa ghorofa la jirani, lakini mwanga ulitosha.

Kazi hii alijifunza mwenyewe. Bingwa alikuwa hodari wa kuingiza mipira shimoni, hilo hakuna mbishi, ila mpe msumari apigilie, ukuta wenyewe utaomba talaka.

Ngozi mpya ilikuwa na ukubwa wa kifungo cha shati. Mke aliisugua mgongo kwa msasa, akatia tone la gundi, akaiweka juu ya pete na kuikandamiza kwa kidole gumba. Wenye vifaa hubana kwa kibanio wakaenda zao. Bingwa alisema kidole cha mkewe kinashinda kibanio chochote cha dukani, kwa hiyo mke alikaa hapo nusu saa nzima amekandamiza, mdomo karibu na ncha, akiongea. Hakuwa na mwingine wa kuongea naye. Simu yake ilivunjika kioo na haikuwahi kufika kwa fundi, na mlango ulikuwa umefungwa kwa nje.

Huu ulikuwa mwezi wa kumi na moja tangu mlango uanze kufungwa kila Bingwa anapotoka. Mambo yalianza pale mke alipokwenda kumuuguza mama yake nyonga, akaaga siku tatu, akakaa wiki mbili. Bingwa alimfuata, akamrudisha kwa upole, akanunua kufuli. Sababu aliyoitoa ni wezi. Hakumpiga wala kumtukana, na alipenda watu walijue hilo. Majirani wa ghorofa ya nne walilisikia kufuli kila siku, wakasema ndoa ya watu haiingiliwi, wakashuka zao kazini.

"Mama," mke aliiambia ngozi, "nyonga imepona? Mimi niko nyumbani. Amenifungia. Nikitoka, nakuja."

Gundi iliposhika, akazipunguza kingo kwa wembe, akaiviringa ngozi kichwani kwa msasa ikae kama kofia, akailowesha pembeni kwa mate na kuisugua kwa kipande cha jinzi mpaka ikang'aa.

Jioni ile ukumbini Bingwa alipiga pigo la kufungua mchezo, na fimbo ikasema, "Mama." Ilikuwa sauti ya mkewe, ya kawaida tu, ya mtu anayeita kutoka chumba cha pili. Mpira mmoja uliingia. Refa, ambaye mchana alikuwa kinyozi, aliinua kichwa, akaandika alama. Pigo la pili likasema "nyonga," la tatu "imepona." Bingwa hapendi kuzubaa mezani, kwa hiyo maneno yalifuatana vizuri. Akipiga kwa nguvu, sauti ilipaa. Akigusa taratibu, ilinong'ona. Mpira mweusi, ule wa mwisho, ulipoingia na "nakuja," ukumbi mzima ulikuwa umeshajua kwamba mke wa Bingwa amefungiwa ndani.

Mpinzani wake, dereva wa lori, alilalamika.

"Refa, hii ni haki kweli? Fimbo inaongea."

"Inaongea kabla ya kugusa mpira au baada?"

Dereva akafikiri. "Baada."

"Basi si faulo."

Dereva aliona refa ana hoja. Kamati ya ukumbi ilikutana Jumatano, ikaongeza kanuni moja kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na choo: fimbo itakayotamka neno kabla ya kugusa mpira mweupe, mwenye fimbo atapoteza zamu. Kuhusu maneno yenyewe kamati haikuwa na la kusema, kwa kuwa hayakuhusu mchezo.

Nyumbani, Bingwa alimwambia mkewe, "Ngozi ile umeibandika vizuri sana. Fanya vilevile, usibadilishe kitu."

Hakumwambia zaidi ya hapo. Wapinzani walikuwa wanakosa mipira ya wazi kwa kutega masikio, na mtu haharibu kinachomfaa. Mke alifurahi, maana sifa hazikuwa za kila siku, akaona huu ndio wakati wa kuomba.

"Basi nikamwone mama."

"Baada ya fainali. Nikishinda, utakwenda."

Neno lile aliliamini lote. Kuanzia siku hiyo alibandika ngozi kama mtu anayejishonea nguo ya safari, hakubali hata uzi mmoja upinde. Na kila ngozi aliiongelesha, kwa sababu alikuwa na furaha, na furaha nayo inataka mtu wa kuambiwa.

Dunia haina siri. Dereva wa lori alipeleka mzigo upande ule anakokaa mama, akayasema aliyoyasikia, na mama akaja na gongo lake la kutembelea. Kwanza alikwenda kwenye lile ghorofa. Ngazi zilikuwa sitini na nne, na nyonga yake ilikubali tano. Aliita kutoka chini mpaka sauti ikakauka. Ilifika ghorofa ya pili ikaishia hapo. Waliokuwa wanapanda walimwambia pole mama, wakampisha. Hapo ndipo alipokwenda ukumbini.

Ukumbini walimpa kiti cha plastiki karibu na meza, chenye mto. Bingwa alikuwa wa kwanza kumwamkia.

"Shikamoo mama. Nyonga inasemaje?"

"Marahaba. Nyonga ndiyo hii. Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, mzima kabisa."

"Nasikia anaongea huku."

"Ndiyo, mama. Kaa usikilize."

Alikaa. Fimbo ilipomwita, aliitika, "Nipo, mwanangu." Ilipouliza nyonga, alieleza nyonga, dawa alizopewa na mguu unavyovuta asubuhi. Majibu yake hayakwenda popote. Fimbo ilitoa tu, haikupokea. Mama alilia kwa uchungu, akijifuta kwa pembe ya mtandio, na refa akaisogeza chaki isilowe. Wachezaji wa meza nyingine walipunguza kelele ili asikie vizuri. Walimsifu Bingwa pia, kwamba si kila mwanamume angemstahimili mama mkwe pembeni ya meza yake.

"Mwambie naendelea vizuri," mama alimwomba mwisho wa mchezo. "Mwambie namsikia."

"Nitamwambia, mama."

Alilisema mbele ya watu wote, basi watu wakaona jambo limekwisha. Mama akawa anakuja kila wiki.

Asubuhi ya fainali mke alibandika ngozi iliyozidi kila ngozi aliyowahi kuibandika. "Mama," aliiambia, "Jumatatu nakuja. Nitapika mwenyewe, wewe usisimame. Ningoje." Kisha akapanga nguo zake kwenye begi dogo, akaliweka karibu na mlango, akalisogeza kidogo ili mlango ukifunguka usiligonge.

Ukumbi ulijaa. Fimbo iliposema "Jumatatu," mama alisimama bila gongo, akakalishwa. Iliposema "ningoje," mweusi uliingia na Bingwa akabebwa juu juu na kikombe chake. Alipoteremshwa, mama alimshika mkono.

"Mwambie nitamngoja kibarazani."

"Nitamwambia, mama."

Mama akarudi kwake, akabadilisha shuka za kitanda cha bintiye.

Bingwa alipanda ngazi, akafungua, akaingia, akafunga. Mkewe alikuwa amekaa kitako, amevaa viatu.

"Umeshinda?"

"Nimeshinda."

"Basi Jumatatu..."

"Wiki ijayo tunaanza mashindano ya mabingwa. Subiri yaishe."

Mke alilitazama begi. "Mama hajaniulizia? Hata mtu mmoja tu huko nje, hajaniulizia?"

Bingwa alikiweka kikombe juu ya friji, akarudi nyuma kukitazama, akakisogeza kikae katikati.

"Nani akuulizie?"

Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, na alikuwa na njaa. Mke akavua viatu, akampakulia.

Jumatatu mama alikaa kibarazani mpaka giza likaingia. Jumanne alikaa tena, asije akawa amekosea siku. Jumatano alasiri, kule juu, mke alibandika ngozi mpya. Aliikandamiza nusu saa ileile, kidole juu, mdomo umefumbwa. Alikuwa amevunjika moyo, na hakuona la kumwambia mtu asiyemuulizia. Ngozi ilishika sawasawa, bila hata tundu la hewa.

Jioni mama alikuwa wa kwanza kufika ukumbini. Bingwa akafungua mchezo. Mipira ikagongana, mmoja ukaingia. Akapiga pigo la pili, akapiga la tatu. Refa aliichukua fimbo, akaitega sikioni, akairudisha.

"Gundi hiyo," alisema dereva wa lori. "Gundi za siku hizi maji matupu."

Wengi waliafiki, na mmoja akaitaja gundi anayotumia yeye kwenye viatu. Kanuni ya kutamka maneno iliachwa palepale ukutani, kwa tahadhari.

Mama alikuwa ameinamia meza, sikio moja mbele.

"Piga tena, baba," alimwambia mkwewe. "Pengine alikuwa anavuta pumzi."

Bingwa hakuwahi kumkatalia mkubwa. Akapaka chaki, akainama, akapiga.