Mvinyo Uliomwelekea Ndugu Mdogo

Muonjaji mkuu wa ghala la mvinyo alikuwa mwana wa muonjaji, mjukuu wa muonjaji, na kitukuu cha fundi mapipa ambaye pipa lake halikupata kuvuja hata tone hadi alipozikwa. Ukoo huo haukupata kushtakiwa, haukupata kulewa hadharani, na neno lake juu ya mvinyo halikupingwa mezani.

Mchana huo walikuwa wakichagua chakula cha kuandamana na mvinyo mwekundu wa mwaka huo, mkali, wenye pilipili manga na karafuu ndani yake. Mwenye ghala alikuwa ametamka kwamba atakayeupatia chakula kinachopatana nao vyema ndiye atakayekaa kichwani mwa meza ya wageni. Muonjaji mkuu alileta bata wa kuokwa. Mdogo wake, mpishi wa ghala, alileta bakuli la nyama ya kondoo iliyochemshwa na maharage hadi ikaachana na mfupa.

Muonjaji mkuu akawamiminia wote, akanusa, akaonja.

"Pilipili inatangulia, karafuu inafuata. Unataka mafuta ya bata."

Alipoiweka glasi mezani, mvinyo uliinama. Ulipanda ukingo mmoja kuelekea kwa mdogo wake, ukatulia hapo kama mtu aliyeegemea dirisha. Akaizungusha glasi, mvinyo ukarudi kulekule. Katika glasi nyingine zote ulifanya vivyo hivyo.

"Umemwelekea mdogo wako," alisema shangazi yao, aliyeketi kati yao. "Nipeni chumvi."

"Meza hii imekwenda upande," alisema muonjaji mkuu.

Mwenye ghala akaweka yai juu ya meza. Yai halikubingirika.

"Kizuri chajiuza, Kaka," mpishi alisema huku akipakua. "Au tumngoje bata wako ajitembeze?"

"Nyamaza. Hujaulizwa."

"Mimi nimenyamaza miaka yote. Msemaji leo ni huyo mvinyo wako."

Muonjaji mkuu akatafuna kipande cha kondoo, akateremshia funda la mvinyo. Vilipatana kama wazee wawili waliooana ujanani. Alitafuta kasoro katika kila pembe ya kinywa chake, asiione, na wivu ukamchoma koo kuliko pilipili.

"Marehemu baba yenu alilijua hili," shangazi alisema. "Aliwafunga vitambaa machoni mkiwa wadogo, akawaonjesha. Huyu mdogo ndiye aliyepatia. Nikamwambia, kaka yangu, kiti chako mpe mwenye ulimi. Akanijibu kwamba kiti ni cha mzaliwa wa kwanza."

"Na ndivyo kilivyo," alisema muonjaji mkuu.

Mwenye ghala, ambaye hakupenda kuingilia mambo ya ndugu, akatazama sahani yake. Basi muonjaji mkuu akatoa hukumu: wageni wangelishwa kondoo, kondoo angetajwa kuwa chaguo lake, na mvinyo ungenywewa katika vikombe vya udongo, visivyoonyesha kilichomo.

Siku ya wageni alikaa kichwani mwa meza, bakuli likiwa mbele yake. Mpishi alikuwa jikoni. Ndani ya vikombe mvinyo ulivuta kuelekea mlango wa jikoni, na mikono ya wageni ikapinda taratibu upande huo, nao wakaendelea kusifu chakula. Muonjaji mkuu alikishika kikombe chake kwa mikono miwili hadi mishipa ikamtoka. Kando yake waliketi wanawe na wana wa mdogo wake.

"Vijana," alisema, "ondoeni macho huko jikoni. Kaeni wima, mtazame hapa, mjifunze jinsi kikombe kinavyoshikwa."