Kitambaa cha Ng'ambo ya Barabara

Mama Ashok alikuwa na sharti moja tu, na hakuna fundi aliyewahi kukaa kwenye baraza la duka lake asiyelijua. Cherehani ni yake, kivuli ni chake, malipo ya mshono chukua wewe fundi. Lakini kitambaa utakachoshona hapo kiwe kimekatwa ndani, juu ya meza yake, kwa mkasi wake. Mteja akija na kitambaa cha kwingine, mwambie kwa adabu akakishonee huko huko alikokitoa. Hata mtoto wa chekechea angelielewa sharti hilo.

Na tusimwonee huyo mama. Jina lake hasa lilikuwa Indumati. Mumewe alipofariki, mwaka mmoja baada ya vita vya Hitla kwisha, mtaa mzima wa maduka ya Kisumu ulikuwa unangoja kuona lini atafunga milango apande meli arudi kwao Bara Hindi. Harbans, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, alikuja matangani kulia naye, na kabla machozi hayajakauka alikuwa ameshawanunua mafundi wake. Wakawa wanakaa kwenye baraza la mjane, wanapiga cherehani za mjane, wanashona vitambaa vya Harbans mchana kutwa. Watu bwana! Alipogundua aliwatimua wote, akabaki na mmoja tu ambaye hakuwa amemwuza. Huyo ndiye Joram Oketch.

Joram alikuwa mtu wa Seme, mwembamba, mwenye vidole virefu na kola isiyochafuka. Gauni lake mtu alilitambua kutoka mbali kwa jinsi pindo lilivyokaa. Tangu Mama Ashok awafukuze wale wengine, baraza lote likawa lake, na wateja wote wake. Miaka ile ya hamsini Mwafrika kupata chumba cha duka kwenye mtaa ule ilikuwa ndoto za mchana, hata awe na fedha mkononi. Baraza ndilo lililokuwa njia pekee. Chumba chake cha mtaa wa Kaloleni kilitoka hapo, karo ya wadogo zake ilitoka hapo, na ile kola nyeupe ilitoka hapo. Akiondoka pale, kilichokuwa kinamngoja ni kubeba magunia, na Joram aliyaogopa magunia kuliko alivyoogopa kifo. Baba yake aliyabeba bandarini mpaka mgongo ukapinda.

Sasa, Joram huyu alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ulikuwa mdomo.

Alipokwenda Asembo Bay kumposa Aoko, wajomba wa binti walimkalisha chini wakamwuliza anafanya kazi gani mjini. Wao ni wavuvi, watu wa mashua na nyavu. Walipomtazama vidole wakaanza kumcheka, eti mwanamume mzima anashonea wanawake magauni. Kijana akaona posa inaponyoka hivi hivi. Akajikohoza, akasema yeye na yule mama wa Kihindi wana duka pamoja, cherehani ni shughuli ya kupitisha muda wateja wakiwa wachache. Wajomba wakaacha kucheka. Habari ikafika jikoni kwa wanawake kabla hata chai haijachemka, na tangu siku ile Asembo nzima ikajua kwamba Min Aoko, mama yake Aoko, amepata mkwe mwenye duka Kisumu. Joram hakuisahihisha. Angeisahihishaje, na ng'ombe walikuwa wameshapokelewa?

Hapa lazima niseme neno kuhusu mama mkwe, kwa wale ambao kwao ni mtu wa kutaniana naye. Kwa Wajaluo, maro, yaani mama wa mkeo, humzoei. Humpi mkono, huli naye, hulali naye chini ya paa moja. Mkikutana njiani wewe unaiacha njia, naye anageuza uso upande wa pili, na hivyo ndivyo mnavyoambiana kwamba mnaheshimiana. Akitaka jambo kwako atalituma kwa binti yake. Nawe humkatalii. Kumwambia maro "hapana" mbele ya watu ni sawa na kumvua nguo.

Basi mwaka wa hamsini na moja, kanisa jipya la Asembo likawa tayari kufunguliwa. Askofu alikuwa anakuja, na Min Aoko ndiye kiongozi wa akina mama. Alitaka gauni. Alipanda basi la alfajiri akashuka Kisumu, akamkuta binti yake stendi, wakatembea pamoja mpaka mtaa wa maduka. Akasimama akalitazama duka la mkwe wake kwa mbali, akaridhika. Kisha akafanya lile ambalo mwanamke yeyote mwenye malezi yake angelifanya: hakuingia humo. Alifikiri, nikinunua kwa mkwe wangu, pesa atazipokea vipi? Atakataa kuzipokea, nami nitaonekana nimekuja kuomba. Ili asimwaibishe kijana wa watu, akavuka barabara akanunua kwa Harbans. Kitambaa cha maua ya samawati, kizuri, cha bei yake.

Aoko alimwona mama yake anavuka, na hakusema kitu. Angesema nini? Kwamba duka si letu? Yeye mwenyewe alikuwa amekula heshima ya duka lile miaka yote hiyo, kila akirudi kwao kusalimia.

Akakileta kitambaa barazani. Mama yake alibaki kule kwenye kona, amesimama upandeupande, uso ameuelekeza ziwani kama mtu anayetazama hali ya hewa. Joram alikifungua kile kifurushi, akatupa jicho ng'ambo kwa Harbans. Alimwuliza mkewe kwa sauti ya chini, je, amerukwa na akili? Aoko naye akamwuliza kwa sauti ya chini zaidi kama anataka aende pale kwenye kona akamwambie mama kwamba mkwe wake ni kibarua wa Mhindi. Wakatazamana. Hasira waliyokuwa nayo ilikuwa ya kila mmoja kwa nafsi yake, ila kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kuitoa, waliitumia kukunja na kukunjua kitambaa.

Angeweza kukipeleka nyumbani akashone kwa mkono usiku. Angeweza! Nami nimemlaumu mara nyingi kwa hilo. Lakini basi la kurudi Asembo liliondoka alasiri, mama alitaka arudi na gauni lake, na gauni la mkono halishonwi kwa siku moja. Mama Ashok alikuwa ndani anahesabu majora ya shehena mpya. Joram akajiambia atakimbia.

Vipimo navyo vikawa shughuli. Maro hapimwi na mkwe wake, hata kwa macho. Ikabidi Aoko asimame badala ya mama yake, ajifunge kanga mbili kiunoni kuongeza unene, na Joram apime kanga. Wapita njia walicheka, na Joram mwenyewe akatabasamu kidogo. Akakata, akakalia kiti, miguu ikaanza kupiga ile cherehani kwa kasi ambayo haijapata kusikika barazani pale. Mikono yote miwili ya gauni ilikuwa imeshaingia, na kola ilikuwa imebaki robo, Mama Ashok alipotoka nje kupunga hewa.

Hakuhitaji kuuliza. Ile samawati alikuwa ameiagiza yeye mwenyewe Mombasa akaikosa, kisha akaiona imetundikwa dirishani kwa Harbans. Alisimama akakitazama kitambaa chini ya sindano yake, na kwa muda uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa na mtoto wake wa kumzaa.

Aoko, ambaye Mama Ashok hakumjua na alimdhani mteja tu, akawahi kusema ni cha mama yake, kiongozi wa kanisa, amenunua kwa kutojua. Na hapo, nisikilizeni vizuri, Mama Ashok alilegea. Watu wakisimulia kisa hiki huko Kaloleni humfanya kichaa aliyekuwa akingoja sababu, lakini haikuwa hivyo. Alishusha pumzi. Alisema, sawa, yeye pia ni mama. Gauni limeshakatwa, limalizwe. Lakini Harbans alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kiunoni, anachekelea, na mtaa mzima ulikuwa unatazama. Akitikisika leo, kesho mafundi wote wa Kisumu watamjia na majora ya Harbans. Kwa hiyo akataka jambo moja dogo. Akampungia yule mama wa kwenye kona aje. Na Min Aoko, akidhani mshirika wa mkwe wake anamkaribisha, akaja.

Alisimama chini ya ngazi, uso pembeni. Joram aliinuka papo hapo kwenye kiti, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Joram," Mama Ashok alisema, "mimi hapana kasirika. Wewe sema kwa huyu mama, sauti kubwa, Harbans sikia: duka hii nashona kitambaa ya duka hii tu. Leo nasamehe. Sema hiyo tu."

Maneno machache, jamani. Miaka yote hiyo alikuwa ameyasema mara ngapi, kwa maaskari, kwa makarani, kwa wake za machifu! Lakini huyu aliyesimama chini ya ngazi alikuwa maro wake. Kumwambia maneno yale ni kumkemea, na ni kumwambia papo hapo kwamba duka si la mkwe wake na kitambaa chake ni kosa.

"Joram, mimi nangoja."

Akafanya kile ambacho mwili wake ulifundishwa tangu utotoni. Aligeuka. Aliwapa mgongo wote wawili, akauelekeza uso wake ukutani.

Min Aoko, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani na hicho cha Mhindi hakukishika hata neno, aliuona mgongo ule, na moyo wake ukajaa. Siku hizi vijana wa mjini wanawatazama wakwe zao machoni kama wanatazama mbuzi sokoni. Huyu wake, hata mbele ya Wahindi, anajua adabu. Mama Ashok aliuona mgongo ule ule, na alichokiona ni fundi wake, yule mmoja ambaye hakumwuza, anampa kisogo mbele ya Harbans.

Kinachoniuma ni hiki. Mwanamke yule, alipoolewa, alikaa miaka chungu nzima chini ya paa moja na baba mkwe wake na hakuwahi kumwonyesha uso. Mzee akiingia, yeye anavuta sari mpaka kidevuni na kugeukia ukuta. Ukuta anaujua! Lau mtu mmoja angemnong'oneza, "Mama, huyu ni mama mkwe wake," angelielewa kuliko sisi sote. Lakini Aoko alikuwa ameinamia miguu yake kwa aibu, Joram hakuwa na sauti, na Harbans upande wa pili akacheka kicheko cha kusikika.

"Toka," Mama Ashok alisema. Hakupiga kelele. Alilichomoa gauni chini ya sindano, akaukata uzi kwa meno, akampa Aoko mkononi. "Toka, na kesho usikuje."

Joram alirudi kesho yake. Na siku nyingine. Alisimama kwenye jua kali nje ya baraza ili aeleze, na Mama Ashok hakutoka. Alipomtuma mtu aeleze kwa niaba yake, jibu lilikuwa kwamba kila fundi aliyefukuzwa huwa na mama mkwe. Duka la Harbans halikumtaka, eti mtu anayempa tajiri wake kisogo si mtu wa kuweka. Mwisho wa mwezi kitini pale alikaa Waliaula, fundi kutoka Bungoma, ambaye hakuwa amemshinda Joram kwa lolote ila kwamba wakwe zake walikuwa mbali.

Kola ya lile gauni, ambayo Min Aoko aliambiwa tu kwamba imechelewa, Joram aliimaliza kwa mkono, chumbani Kaloleni, bila kusema na mtu, na likapelekwa Asembo kabla ya Jumapili. Lilimkaa Min Aoko vizuri ajabu. Askofu mwenyewe alilisifu. Aoko alipokwenda kwao hakuwaambia kitu, na wanawake wa kanisa wakaamua kwamba Krismasi wote watavaa mshono ule ule.

Ndipo wakaja Kisumu, Min Aoko mbele na wenzake nyuma, wanacheka, wamebeba pesa zao kwenye vitambaa vya kichwani. Njia ya kutoka stendi ilipita kwenye bohari la mbegu za pamba. Mstari wa wapagazi ulikuwa unatoka kwenye lori kuingia ndani, vifua wazi, vichwa vimefunikwa vumbi jeupe. Joram alikuwa katikati ya mstari. Hakuwa na njia ya kuiacha, na gunia lililokuwa mgongoni halikumruhusu kugeuka.

Mwanamke mmoja, Seline, akasimama. "Min Aoko," alisema, "yule si mkwe wetu?"

Joram aliinamisha kichwa akingoja ageuziwe uso. Aliitaka adabu ile kuliko kitu kingine chochote duniani wakati ule. Ageuze tu uso, kama siku zote, apite, na kila mtu abaki na heshima yake.

Min Aoko hakuugeuza. Alisogea karibu, akamtazama usoni, machoni kabisa, na kumkagua polepole kuanzia kichwani hadi miguuni, jinsi mtu anavyomtazama mtu baki.

"Hapana," aliwaambia wenzake. "Huyu simjui."