Darasa la Kwanza Lenye Ndevu

Kama yupo mtu aliyezaliwa na karatasi mkononi, ni huyu, na ndiyo maana chuo kizima cha ualimu kilimwita Karatasi. Hakunena neno ambalo hajaliandika. Hata alipomtongoza binti wa mwaka wa pili alimsomea, na binti akamwuliza kama ukurasa wa pili upo.

Sasa, jamani, ualimu wa kusoma hauendi. Kwenye jaribio la kwanza la kufundisha, mkufunzi alimwangusha: "Umefundisha karatasi. Watoto hukuwaona." Akianguka tena anarudi kwao, na huko kwao mama yake alishaanza kuitwa Mama Mwalimu mpaka na muuza mkaa. Arudi mikono mitupu? Heri ardhi ipasuke immeze.

Siku ya marudio ikafika. Pale chuoni mwanafunzi akipimwa, wenzake ndio hujifanya watoto wa darasa la kwanza, na kwa kawaida hutulia tuli kwa kumhurumia. Karatasi akaingia, suruali imenyooka, faili kwapani. Akalifungua. Andalio lake la somo la nusu na robo, kurasa sita zenye mistari myekundu, halimo! Badala yake kuna picha ya kuku, tena imepakwa rangi vizuri tu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kwenye dawati la mbele alikaa Ndevu, anayelala naye chumba kimoja, jitu la miaka thelathini, ananyonya kidole.

"Mwalimu," akalia Ndevu, "huyu kanichukulia penseli!"

"Mwongo, mwalimu! Yeye ndiye kanifinya!"

"Mwalimu, nataka kukojoa!"

"Mwalimu, huyu hapa ameshakojoa!"

Weee! Watu ishirini na wanne, wazima na akili zao, wanalia. Mmoja kapanda juu ya dawati, mwingine anatafuna chaki. Kijasho chembamba kikamtoka Karatasi. Kule nyuma mkufunzi, mama asiyecheka hata akitekenywa, alikuwa anaandika tu. Karatasi akamfikiria mama yake akivuliwa jina mbele ya muuza mkaa. Angelia, ila kazi ya kulia ilishapata wenyewe.

Ndipo hasira zikampanda. Ukicheka na nyani utavuna mabua. Akaliacha faili mezani, akamshusha wa juu ya dawati kwa sikio, akamfuta Ndevu kamasi ambazo hata hazikuwepo.

"Haya, wanaotaka kukojoa, simameni."

Wakasimama kumi na wawili.

"Waliokaa ni wangapi?"

"Kumi na wawili!"

"Darasa tumelikata katikati. Hiyo ni nusu. Semeni nusu."

"Nusuuu!"

"Mliosimama, nusu yenu nendeni mlangoni. Sita hao ni robo ya darasa."

"Mwalimu, na mimi ni robo?" akauliza Ndevu.

"Kwa mwili huo wewe ni nusu peke yako. Nenda mlangoni."

Mkufunzi akakohoa, kikohozi kinachofanana mno na kicheko. Karatasi hakukisikia. Alikuwa anawagawa watu, anawarudisha, anawauliza, na hawa wajinga wakaanza kujibu kweli, wanagombania kunyoosha mikono.

Kengele ikalia. Wote wakainuka kwa vifijo. Ndevu akachomoa zile kurasa sita ndani ya shati. "Tusamehe, kaka," akasema. "Ulikuwa unajifunika nazo uso, tukaona tukufunue." Mkufunzi naye akakusanya vitu vyake, akasimama.

Lakini Karatasi bado alikuwa amepandwa na hasira.

"Nani kawaruhusu kusimama? Kaeni chini!"

Wakakaa kwa kishindo, Ndevu na kurasa zake mkononi. Na kule nyuma mkufunzi, miaka ishirini kazini, akajikuta naye amekaa. Akajitazama. Akamtazama Karatasi. Akaandika alama palepale, kisha akanyoosha mkono juu.

"Umefaulu, mwalimu," akasema. "Naomba ruhusa nitoke."