Barua Saba za Mama Jeanne

Bomba lilikohoa gizani. Lilikohoa mara mbili, kavu, kisha maji yakaanza kudondoka ndani ya bidoni tupu, to, to, to. Kabla ya tone la nne Hortense alikuwa amekwisha kuamka. Mtaani Katuba maji hayamngoji mtu. Yanakuja saa kumi alfajiri, na yakikukuta usingizini yanaenda kwa jirani. Akajitoa polepole chini ya mkono wa Bénie, binti yake wa miaka sita, akamfunika, akatoka uani kujaza bidoni zote nne. Jumatatu hiyo alitaka kuoga vizuri. Alikuwa anakwenda kusikiliza namba.

Uwanja wa ndege wa mji ulikuwa unajengwa upya, na ofisi ya mradi ilikuwa imetangaza jambo ambalo Katuba hawakuwahi kulisikia: mjenzi mkubwa hataruhusiwa kula kazi yote peke yake. Kwa kila sehemu mia za kazi, sehemu fulani lazima ziende kwa biashara ndogo za watu walioachwa nyuma, akina mama hasa. Sehemu ngapi? Hiyo ndiyo namba, na ofisi iliiita lengo. Kwa washonaji kulikuwa na nguo za wafanyakazi, jileti, vile vizibao vya kung'aa, mapazia ya ukumbi na vitambaa vya viti: kazi ya miaka mitatu.

Hortense alikuwa ameshaiota kazi hiyo hadi rangi ya uzi. Mume wake Donat alikwenda Kolwezi kutafuta kazi ya mgodi, na mwaka huu simu zake zilikuwa kama mvua ya mwezi wa saba, hazikuja. Alichokuwa nacho mkononi ni chumba kimoja chenye mlango wa buluu, alimolala na ndiyo atelie yake ya kushonea, mashini ya kushona aliyoinunua kwa jasho lake, na Bénie.

Kikao kilifanyika mjini, katika ukumbi wenye viti vya plastiki. Aliyesoma namba alikuwa kijana mwembamba, Aristote, ndiye aliyepita mitaani na wenzake kuhesabu biashara. Alisoma za usafi, akasoma za chakula, akafika.

"Ushonaji. Mjini mote tumehesabu biashara arobaini. Zenye haki ya kuingia katika lengo ni moja. Moja kwa arobaini ni mbili na nusu kwa mia. Ikiwa chini ya tano hatuweki lengo. Donc, basi, ushonaji hauna lengo. Tuendelee na bustani."

Hortense alijikuta amesimama.

"Monsieur, samahani. Tuko saba. Na mwalimu wetu, nane."

"Mama, hii namba hatukuiokota njiani. Tulipita mulango kwa mulango. Kwako nilifika miye mwenyewe. Mulango ya buluu, haiko yako?"

"Iko yangu."

"Nilikuuliza: hii atelie ni ya nani? Ulinijibu nini?"

Hortense aliikumbuka siku ile vizuri mno. Alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja kwa adabu, akajifuta mikono, akajibu kwa kujivuna: "Ya Mama Jeanne."

Nyuma kabisa mfanyabiashara mmoja, anayeleta nguo za kazi kwa makontena, alicheka. "Mama mumoja, mikono kumi na sita. Huyu mumupe ashone hata mabawa ya ndege." Ukumbi ukacheka naye.

Hakuna aliyekuwa amedanganya. Mama Jeanne, binti wa mfanyakazi wa reli, ndiye aliyewafundisha wote saba, mmoja baada ya mwingine, chini ya bati la nyumba yake. Na kwake kulikuwa na kanuni ambayo hakuna aliyeiandika. Mwanafunzi aweza kuwa na chumba chake, mashini yake, wateja wake, hata wanafunzi wake mwenyewe; lakini maadamu mwalimu anapumua, hasemi "yangu". Akiulizwa, humtaja yule aliyemtia sindano mkononi. Kusema "yangu" ni kumzika mwalimu angali hai. Basi wanawake saba, katika barabara saba, waliulizwa swali moja wakatoa jibu moja, kila mmoja akidhani amejibu vizuri kuliko wote, na atelie zote zikahesabiwa biashara moja.

Kikao kilipokwisha Aristote alimfuata nje. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama, inaweza kurekebishwa. Mbele orodha ifungwe Ijumaa saa sita. Kila atelie iniletee barua yenye Mama Jeanne ameweka saini yake, ya kusema ile atelie haiko yake. Nikipata saba, munakuwa nane kwa arobaini na saba. Ile ni kumi na saba kwa mia. Lengo itasimama, na kila jina itaingia kwenye orodha."

"Na mwenye kukosa barua?"

"Anabakia ndani ya biashara ya Mama Jeanne, sawa vile balijibu."

Jioni hiyo wanafunzi wote saba walikutana kwa Keren, mwenye ulimi mkali kuliko wote. Mama Jeanne alikuwa mgonjwa wa moyo. Miguu ilikuwa imevimba, na miezi miwili sasa alikuwa hatoki chumbani.

"Unaenda kumwambia mugonjwa aandike ati haiko na kintu?" akauliza Keren. "Atasema tunagawanya bintu yake angali anatuangalia."

"Sasa tuache?" akasema Hortense.

"Sikusema tuache. Nasema uende weye. Ni weye ulisoma shule ya jioni. Sisi tunajua kukata kitambaa, weye unajua kukata maneno."

Wakacheka kidogo, na katika kicheko hicho kazi ikawa imempata mwenyewe.

Aliandika barua saba kwa mkono, mistari minne kila moja. Alipozipanga, yake aliiweka chini kabisa. Anayepakua bukari, yaani ugali, hujipakulia mwisho. Hakuwaza mara mbili.

Jumanne mchana alimkuta Mama Jeanne ameegemea mito, kikwembe kimefungwa kifuani, macho yakiwa bado yale yale ya kuona mshono uliopinda tangu mlangoni.

"Hortense mwanangu. Karatasi mingi vile, nani alikufa?"

"Hakuna muntu alikufa, mama."

"Basi soma haraka, mbele zamu yangu ifike."

Hortense akasoma. Alieleza namba, lengo, swali la Aristote na jibu lao. Sauti yake ilikuwa ikipungua kila mstari, na alipomaliza hakuthubutu kuinua uso. Mama Jeanne alikuwa anaiangalia mikono yake mwenyewe, iliyolala juu ya shuka.

"Kumbe balikuya kuuliza."

"Ndiyo, mama."

"Na bote saba mulisema ni yangu."

"Bote saba."

"Hata Keren?"

"Hata Keren, mama."

"Ule mwenye kuiba hata modeli ya nguo ya bwana arusi." Mama Jeanne akacheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikamaliza kicheko. Akajifuta macho kwa ncha ya kikwembe. "Miaka yote nilikuwa nangoja mumoja wenu anikuyie na kuniambia: mama, naenda, sasa hii ni yangu. Nilikuwa najiuliza, nilibafundisha mubaya? Juu ya nini hakuna anayeondoka?"

"Tulikuwa tunakuheshimu, mama."

"Najua. Leta kalamu."

Alitia saini taratibu, na kwa kila jina alikuwa na neno. Huyu alikuwa anashona mikono miwili ya kushoto. Huyu alilia siku alipovunja sindano ya kwanza. Keren, "mumwambie nilijua". Lakini saini ya nne ilikuwa imeanza kuteremka, ya tano ikatoka nje ya mstari, na ya sita ilimchukua muda mrefu hata jasho likamtoka juu ya mdomo. Akaweka kalamu chini.

"Inabakia ngapi?"

"Moja, mama."

"Ya nani?"

"Yangu."

Mama Jeanne aliisukuma karatasi kando. "Weye, kila siku unajiweka chini ya wengine. Yako sitaiandika na huu mukono wa kutetemeka. Kuya kesho asubuhi, nikisha kunywa dawa. Yako nataka niandike muzuri."

Hortense alitaka kusema: mama, andika hata vibaya, chora tu, inatosha. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini mtu humwambiaje mwalimu wake kwamba kesho ni mbali?

"Ndiyo, mama," akasema, akazikunja barua.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, mwanga ukiwa ndio kwanza unaingia, mtoto wa jirani wa Mama Jeanne alikuja kugonga mlango wa buluu. Mama Jeanne hakuamka, akasema. Hortense aliketi chini palepale kizingitini, kalamu ikiwa tayari mkononi.

Kilio kilianza siku hiyo hiyo. Mikeka ikatandikwa uani, mbabula za makaa zikawashwa, wanafunzi saba wakafunga vitambaa kichwani wakawa ndio mabinti wa marehemu. Alhamisi asubuhi Hortense aliomba ruhusa ya saa moja, akapeleka barua sita mjini. Aristote alizihesabu, akapiga hesabu mbele yake.

"Saba kwa arobaini na sita. Kumi na tano kwa mia. Lengo imesimama, mama." Akatabasamu, kisha akazigeuza tena karatasi. "Na yako?"

"Kesho," akasema Hortense.

Kwenye mikeka wenzake walimbana mkono mmoja mmoja, kwa kificho, wakiona haya kufurahi mbele ya maiti. Uwanja wa ndege ungewashonesha wao sita miaka mitatu. Wala hawakujua wamwambie nini wa saba.

Alasiri akafika Stanislas, mwana wa pekee wa Mama Jeanne, kutoka Pweto ziwani, koti lake likinuka samaki kavu. Alilia mpaka sauti ikakatika. Alipotulia alikuja kuketi karibu na Hortense.

"Dada, nasikia mama aliandika barua sita. Zile siwezi kuzigusa, ni neno yake. Lakini ile ya mulango ya buluu, bantu ba mradi balihesabu, balikubali ni ya mama. Muntu akienda, kintu yake inabakia na nani?"

"Mashini nilinunua miye, Stani. Chumba nalipa miye."

"Sikatai. Nionyeshe tu karatasi."

"Weye ni mutoto wake. Niwekee saini weye."

Stanislas aliinama, akaokota kijiti, akakivunja vipande viwili. "Niko na batoto batano kule. Ziwa inakuwa inatupa kidogo-kidogo. Usiniombe nitupe na mukono yangu kintu chenye mama aliniachia." Hakusema kwa ubaya. Macho yake yalikuwa mekundu, na hilo ndilo lililomuumiza Hortense zaidi, kwa sababu hakupata mahali pa kumchukia.

Jua lilipoanza kushuka Keren alimvuta nyuma ya nyumba, penye bidoni.

"Sikiliza. Mwaka Mama Jeanne alivunjika mukono, nani alikuwa anamuwekea saini kwenye karatasi za parokia?"

"Miye."

"Na kuna padri alishtuka?"

"Keren."

"Alitaka kuandika. Alisema na kinywa yake. Hauibe, unamumalizia kazi. Kesho saa sita tutakuwa makaburini, na ile ofisi itafunga orodha."

Hortense alikwenda nyumbani kumpikia Bénie, kwani hata kwenye msiba mtoto hula. Umeme ulikuwepo siku hiyo. Akasonga bukari, akaweka na mboga ya sombe iliyobaki, akamkalisha mtoto mezani, meza ile ile ya kukatia vitambaa. Kisha akatoa barua ya saba, akaikunjua, akaipangusa kwa kiganja.

Karatasi ilikuwa safi. Mistari minne, na chini yake nafasi wazi, pana kiasi cha jina moja. Akafikiria mlango wa buluu ukifunguliwa na ufunguo wa Stanislas. Akafikiria wenzake sita wakienda uwanjani asubuhi na vipimo shingoni. Akamfikiria Mama Jeanne kwenye mito, akiiangalia mikono yake. Yako nataka niandike muzuri.

Basi akaanza, na akaandika vizuri. Alijua pale herufi ya kwanza ya Jeanne inapojipinda kama ndoano, alijua jinsi zile mbili za mwisho zinavyoshikana. Hakuharakisha. Chozi lilidondoka, akawahi kulizuia kwa mkono lisiguse wino. Kwa muda mfupi ilikuwa kama vidole vingine vimeshika vyake, vikimwongoza, kama siku ya kwanza kabisa ya sindano na uzi.

Bénie alikuwa ameacha kula. Mwaka huo ndio alikuwa ameanza shule, na alikuwa anasoma kila kitu: mifuko ya unga, mabasi, vibao vya makanisa. Akaja kusimama kando ya mama yake, akaweka kidevu juu ya meza, akafuata herufi kwa kidole, midomo ikicheza bila sauti, moja, nyingine, nyingine, mpaka mwisho. Akarudi kuanza upya, kwa sababu hakuwa na hakika. Kisha akainua macho.

"Mama," akasema, "hii haiko jina yako."