Mshono Ulioinama Kushoto

"Bi Nasriya, tazama kama nimeandika sawa, halafu utie sahihi hapa chini," Fahd alisema, akausukuma ukurasa mpaka ukagusa sahani ya halwa.

Nasriya alivaa miwani. Fahd alikuwa afisa kijana mwenye adabu, Kiswahili chake cha kwa bibi yake wa Bujumbura, na alipewa kazi ya kuandika historia ya kikosi cha ndege zinazojaza ndege nyingine mafuta angani. Kitabu kilikuwa kinakwenda kupigwa chapa Jumapili. Alikuja mpaka nyumbani kwa Nasriya, Mabela, kwa sababu ya ukurasa huu mmoja.

Nasriya alifanya kazi katika kikosi kile miaka kumi na minne bila ya kupanda ndege hata siku moja. Alikuwa mshonaji. Ndege ya mafuta huteremsha nyuma yake mpira mrefu wa kupitishia mafuta, na mwisho wa mpira pana kikapu cha chuma chenye pete ya kitambaa kizito. Upepo huijaza pete, kikapu kikatulia, na rubani anayetaka mafuta akaja kuchomeka ncha ya ndege yake humo, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano na gari inakwenda. Mkuu wa karakana alikuwa na akili zake: alitafuta mikono iliyozoea kudarizi kofia za viua, akampata Nasriya na shoga yake Hind.

Ukurasa ulisema kwamba miaka kumi na tisa nyuma pete moja ilifumuka angani kwa ushonaji mbaya wa Hind, mpira ukayumba ukavunja kioo cha ndege ya nyuma, rubani akatua salama lakini akapoteza jicho. Hind akaachishwa kazi.

"Na picha ya pete ni hii," alisema Fahd.

Nasriya hakuhitaji kuitazama sana. Vishono vyote vilikuwa vimeinama kushoto. Katika karakana ile mwenye kushona kwa mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu. Kamati ya uchunguzi ilipima uzi, ikapima kitambaa, mabwana wazima wanaojua kila kitu cha ndege, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya mkono.

"Niachie mpaka kesho jioni," alisema.

"Kuna kosa, Bi?"

"Lipo. Lakini kuna mtu nnataka aniskie kwanza kabla yako."

Siku pete ile iliposhonwa, mamake Nasriya alikuwa amelazwa hospitali, na Nasriya alikwisha maliza likizo zake zote. Hind akamwambia, "Nishonee pete yangu, mie n'takwenda kukaa naye." Basi Nasriya alishona pete mbili, na kwenye daftari la karakana akaandika jina la Hind, ili shoga yake asionekane hakuwapo. Akili yake ilikuwa hospitali. Aliukaza uzi kupita kiasi, nao ukakata kitambaa.

Kamati ilipouliza, Hind angeweza kusema hakuwapo. Aliinamisha kichwa, akasema, "Jina ni langu." Nasriya alikuwa amesimama ubavuni pake, na ulimi wake haukufanya kazi. Wanasema majuto ni mjukuu. Nasriya hakujaaliwa mjukuu, lakini huyu alimzuru kila Ijumaa bila ya kukosa. Mwanzo hakwenda kwa Hind kwa haya. Kisha akaona haya kwa sababu ya kutokwenda, na mambo ya namna hiyo mtu akiyaacha hujijenga yenyewe.

Kesho yake, Ijumaa, baada ya sala alikwenda kwa Hind, Ghubra. Katika ukurasa alikwisha kata jina la Hind kwa kalamu, akaandika lake juu yake.

Mlango ulikuwa wazi. Hind alikuwa amekaa karibu na dirisha, kofia mapajani, uso umeelekea mlangoni lakini macho yamepita pembeni. Maradhi ya sukari yalikuwa yameyala.

"Nani?"

"Miye, Nasriya."

Hind aligeuza sikio. "Pita. Viatu viache pale pale ulipokuwa ukiviacha."

Nasriya alimsomea ukurasa wote, na jina lake mwenyewe akalisoma kwa sauti. Hind alisikiliza huku anapapasa viua vya kofia kwa kidole.

"Yule rubani yu hai?"

"Yu hai. Ana jicho moja."

"Kanishinda. Mie n'na nusu."

Nasriya alitaka kucheka, akalia. "Hind, wallahi, nimekudhulumu."

"Lile jina nilikupa mwenyewe kwa khiari yangu. Mamako siku ile alinishika mkono mpaka Alasiri, akiniita Nasriya. Ningekutajaje baada ya hapo?" Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeeleza bei ya samaki. "Lakini mume wangu Marhoon kafa. N'kakaa eda miezi minne na siku kumi. Kila mlango ukigongwa n'kisema, huyo, kaja. Hukuja."

"Sikuwa na uso wa kukujia."

"Mie sikutaka uso. N'litaka mtu."

Nasriya aliukunja ukurasa mara mbili, akaukunjua tena, kwa kuwa Fahd angeutaka umenyooka. Alikuwa amefikiri jina likishawekwa mahali pake atapumua.

Hind alipapasa ubavuni, akatoa kibweta cha sindano.

"Nitungie," alisema. "Wajukuu wote wametoka, na mie tundu silioni."

Nasriya aliilowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akainua sindano kwenye mwanga wa dirisha. Uzi aliushika kwa mkono wa kushoto. Uzi ulikwenda, ukapita kando. Akaukata kidogo, akaulowesha, akajaribu tena, ukapita kando. Hind alikuwa amekwisha nyoosha kiganja, kimefunguka, anangoja apewe.