Vurugu Isiyokuwemo Kwenye Seli

Noeline Craw alikuwa amechoma seli za neva za konokono kwa sindano ya kioo miaka ishirini na tisa. Mimi, ambaye sijawahi kushika konokono ila wa bustanini, ndiye niliyemfanya aamini kwamba mikono yake imekwisha kazi.

Tulikuwa chuo kimoja hapa Auckland, majengo yanayotazamana. Yeye baiolojia, mimi hesabu. Nilikuwa na milinganyo minne iliyoiga umeme wa seli moja ya zile za kwake. Umeme huo hutikisika kidogo mara tatu, kisha huruka mara moja kwa nguvu, halafu huanza upya. Mwaka ule nilibadilisha namba moja, na kompyuta ikanionyesha jambo jipya: mitikisiko mitatu, mruko; mitano, mruko; miwili; saba. Haikujirudia kamwe. Wanahesabu tunaiita vurugu: kila kitu kinafuata kanuni, na bado huwezi kutabiri kitakachofuata. Nilipiga kelele ofisini peke yangu kwa furaha.

Nikampelekea Noeline mchoro. Aliutazama, miwani ikimteleza puani.

"Seli zangu hazifanyi hivi, Losa."

"Labda hujaziangalia vizuri."

"We! Nilianza kuziangalia ukiwa bado unafungwa kamba za viatu."

Tukacheka, yakaisha. Lakini siku ya semina yangu, mbele ya watu arobaini, alinyoosha mkono akasema yaleyale, kwa upole wake. Nami nikamjibu, "Noeline, milinganyo haitetemeki. Mikono ndiyo hutetemeka."

Ukumbi ukaangua kicheko. Naye alicheka kidogo, kisha akaishusha mikono yake chini ya meza.

Makala yangu ilichapishwa. Majira yote ya baridi Noeline alirudia majaribio akiitafuta vurugu yangu. Seli ishirini na sita. Zote: tatu, mruko, tatu, mruko. Mwezi wa nane alinifuata ofisini.

"Nadhani nazijeruhi ninapozichoma," alisema. "Seli iliyojeruhiwa haikuonyeshi chochote."

"Inawezekana," nikasema, macho yangu kwenye kompyuta.

Mwezi wa kumi aliomba kustaafu. Darubini yake ikapelekwa chuo kingine, kule Dunedin. Kwenye sherehe ya kumuaga tulikula keki ya pavlova, na hotuba niliitoa mimi.

Januari nilitaka michoro mizuri zaidi kwa makala ya pili. Kompyuta haitiririki na wakati. Inaukokotoa kwa kuruka hatua kwa hatua. Nikaifupisha hatua mara kumi, ili mistari iwe laini tu. Vurugu ikatoweka. Nikaifupisha mara mia: tatu, mruko, tatu, mruko. Hatua yangu ya kwanza ilikuwa ndefu mno. Kila ilipofika kwenye kona kali ya mstari iliiruka ikatua pembeni. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hufundishwa kulikagua hilo. Nimelifundisha mimi mwenyewe. Sikukagua, kwa kuwa nilichokiona kilikuwa kinanipendeza.

Nilinyamaza siku kumi na moja. Nyumbani, mtaa wa Māngere, mama aliniuliza, "Mbona huli, mwanangu?" Nikamwambia tumbo. Hata yeye nikamdanganya.

Siku ya kumi na mbili niliendesha gari hadi Thames, mji mdogo alikohamia Noeline. Alikuwa uani akikata matawi ya mfeijoa, mti wake wa matunda. Nilimweleza nikiwa nimesimama, maana hakuniambia nikae.

"Zote ishirini na sita?" akauliza.

"Zote zilikuwa sahihi. Mkosaji ni mimi."

Akakaa kwenye ngazi ya mlango. "Niliacha kazi, Losa."

"Najua."

"Hujui. Nilikwenda kwa daktari wa neva. Nikamnyooshea mikono hivi, kama mtoto anayekaguliwa kucha. Akaniambia, mama, huna ugonjwa wowote. Sikumwamini. Nilikuamini wewe." Akaishusha mikono. "Umelijua lini?"

"Siku kumi na mbili zilizopita."

"Kumi na mbili." Akainuka, akaokota mkasi wake. "Basi nenda kaandike, Dokta. Na ile kauli ya semina uiseme palepale ulipoisemea."

Hakuwahi kuniita Dokta kabla ya siku hiyo.

Niliiondoa makala jaridani. Nikasimama kwenye ukumbi uleule nikaeleza kosa langu la hatua, kisha nikalirudia neno langu juu ya mikono, kwa sauti, mbele ya wengi wa waliokuwa wamecheka. Hakuna aliyecheka. Mmoja alianza kupiga makofi kunitia moyo, nikamwomba aache. Matokeo ya seli zile ishirini na sita yalichapishwa kwa jina la Noeline peke yake. Chuo kilimwita arudi. Akajibu kwamba amechelewa kuitwa.

Nimemwandikia barua tatu. Krismasi nilipata kadi yenye picha ya ufuo, na nyuma yake, chini ya salamu zilizochapwa kiwandani, sahihi tu: N. Craw.