Nusu Uso wa Shangazi

Shangazi yangu ni mpambaji wa maharusi, lakini uso wake mwenyewe tulikuwa tunausikia tu. Hatoki chumbani kabla hajajipaka. Chunusi za ujana zilimwachia mashavu yenye mashimo, na mume wake wa zamani, yule muuza viatu wa kona, aliwahi kumwambia mbele za watu kwamba anafanana na barabara baada ya mvua.

Likaja shindano la wapambaji. Mshindi angepewa kazi ya kufundisha chuo cha urembo, kazi aliyoiota miaka yote. Kasheshe ilikuwa kwenye sharti: kila mmoja ajipambe nusu ya uso, nusu nyingine ibaki kavu, waamuzi walinganishe.

Akaenda kliniki ya ngozi, mimi msindikizaji. Daktari akaeleza kwamba atamtoa damu mkononi, aizungushe kwenye mashine mpaka itengane, kisha yale maji ya manjano yenye chembe za kuponya majeraha amdunge nayo usoni. Nikasema kumbe Shangazi anajitengenezea dawa kama nyoka anavyojitengenezea sumu. Akanifinya. Halafu akamwambia daktari adunge shavu la kushoto peke yake. La kulia litakuwa chini ya poda, la nini kuhangaika nalo? Daktari akasihi, akaambulia patupu. Shangazi akishaamua, hata ukuta unampisha.

Akawa anarudi kliniki, akifuta poda shavu hilo tu, miezi ikapita. Shavu lilivimba, likanywea, likaanza kulainika. Makovu hayakuisha, ila yalififia hasa. Kila asubuhi nikawa namuuliza leo nimwamkie shangazi yupi, wa kushoto au wa kulia.

Siku ya shindano, mwamuzi mkuu akatangaza: wote wapambe upande wa kushoto.

Shangazi akaganda, kitambaa mkononi. Angenyamaza, ushindi ulikuwa wake: shavu lililotibiwa lingeng'aa kwa poda kiduchu, la makovu lingebaki kavu pembeni, na waamuzi wangedhani brashi yake inafanya miujiza.

Akafuta uso wote. Ukumbi mzima ukaona kitu ambacho hata mimi, niliyekulia kwake, sikuwahi kukiona kizima: uso wake mtupu.

"Huku kushoto daktari kanisaidia kwa damu yangu mwenyewe," alisema. "Nikipamba huku nitakuwa nawadanganya. Nipeni kulia."

Wakanong'onezana, wakakubali. Alipomaliza, walimzunguka na taa, wakachungulia huku na huku wasitambue upande upi umepambwa, na mwamuzi mmoja akapapasa shavu kavu akitafuta poda. Hapo nikajua kazi imekwisha.

Alipotangazwa mshindi nililia, ila msimwambie.

Akanawa bombani, tukarudi kwa miguu, jua la mchana likimpiga usoni. Muuza viatu alikuwa mlangoni pa duka lake. Alimkodolea macho, kiatu kimoja mkononi, kinywa wazi.

"Upande mmoja nimeshatia lami," Shangazi akamwambia, bila kupunguza mwendo. "Huo mwingine naupenda hivyo hivyo."